Diski imejaa, lakini haijajaa

Najua nimepotea kwa muda, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kufuga ng'ombe. Hapana, ingawa leo nitaongea sana kuhusu maziwa. Nilikuwa nyumbani Siongiroi kwa likizo ya Desemba, na sehemu kubwa ya likizo hiyo niliimaliza mbele ya laptop kuukuu katika chumba kinachonuka maziwa. Nawasimulia kwa sababu nilipoteza usingizi mwingi na sitaki uende bure.

Kwa wasiopajua: Siongiroi iko Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mtu akisikia Bomet au Kericho anafikiria chai tu. Chai iko juu, upande wa Kericho, Konoin na sehemu za Sotik. Ukishuka kuja kwetu joto linaongezeka kidogo, mvua inapungua, na watu wanategemea ng'ombe na mahindi. Asubuhi yetu haianzi na vikapu vya majani chai bali na mitungi ya maziwa juu ya boda boda.

Miaka minne iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta na bado natafuta kazi, nilikitengenezea kikundi kimoja cha wafugaji programu ya kurekodi maziwa. Kazi yake ni ndogo. Mfugaji anafika, maziwa yanapimwa kwa laktomita kuona kama yameongezwa maji, yanapimwa kiasi, karani anaandika namba ya mwanachama na lita, mashine inatoa risiti. Mwisho wa mwezi programu inajumlisha na watu wanalipwa. Mashine yenyewe ni laptop ambayo betri yake ilikufa zamani, yenye diski ya GB 120 ya aina ile inayozunguka. Ndani nilisakinisha Debian, na kama mfumo wa faili nikachagua Btrfs.

Nilichagua Btrfs kwa sababu ya stima. Hapa stima hupotea bila kuaga.

Chukua daftari la karani. Mfumo wa faili wa mtindo wa zamani unafuta mstari kwa raba na kuandika upya palepale. Stima ikipotea raba ikiwa katikati, huna mstari wa zamani wala mpya. (Ndiyo, najua ext4 ina jarida la kuikinga na hali hiyo, msinitumie barua pepe.) Btrfs ni ya kabila lingine, la kunakili kwanza. Haigusi mstari wa zamani. Inaandika ukurasa mpya mahali patupu, kisha inaandika faharasa mpya inayoelekeza kwenye ukurasa huo, kisha faharasa ya faharasa, mpaka inafika juu kabisa kwenye mzizi. Mzizi ukishabadilishwa, kazi imekwisha. Stima ikipotea kabla ya hapo unawasha mashine na kukuta daftari la zamani likiwa zima. Na kuna zawadi juu yake: usipoutupa mzizi wa zamani, una picha kamili ya daftari lilivyokuwa saa ile, bila kunakili chochote.

Wazo hili lina miaka mingi. ZFS ya Sun Microsystems ilitoka kwa umma mwaka 2005. Mwaka 2007 Ohad Rodeh wa IBM alionyesha namna ya kuitumia miti ya aina ya B kwa kunakili hivi, na mwaka huohuo Chris Mason, akiwa Oracle, akaanza Btrfs. Iliingia katika Linux 2.6.29 mwaka 2009, na tangu mwaka 2020 Fedora ya kompyuta za mezani huja nayo moja kwa moja. Kama unatumia iPhone, APFS iliyoingia humo mwaka 2017 ni ya ukoo huohuo. Nyingine, bcachefs, iliingia katika keneli ya Linux mwaka 2024 na mwaka 2025 ikaondolewa, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine na ya ugomvi mwingi.

Basi, nikapanga picha ya daftari la maziwa ichukuliwe kila saa, nikajiona fundi, nikaenda zangu Nairobi kutafuta kazi.

Asubuhi moja katikati ya Desemba, saa kumi na mbili kasorobo, simu ikalia. Alikuwa karani. "Kijana," akaniambia kwa Kipsigis, "mashine yako imegoma na foleni imefika barabarani. Inasema imejaa."

Nilivaa gambuti nikaenda. Foleni kweli ilikuwa imefika barabarani. Wazee wameshika mitungi, akina mama wana madumu ya lita tano, vijana wa boda wanapiga honi, na maziwa, kama mjuavyo, hayangoji. Nikamwambia karani aandike kwenye daftari la karatasi, nikakaa chini. Nikauliza mashine nafasi iliyobaki. Ikanijibu hivi: ukubwa 112, zimetumika 69, zilizobaki 0.

Mtoto wa darasa la tatu ataona kuna shida hapo. Ukitoa 69 kwenye 112 unabaki na 43. GB 43 zimeenda wapi? Nikafikiri nitafuta vitu fulani nipate nafasi. Ikakataa kufuta pia, kwa sababu hiyohiyo: hakuna nafasi. Hili huwashangaza wengi, lakini fikiria daftari letu lisilo na raba. Ili kusema "mstari huu haupo tena" lazima uandike ukurasa mpya usio na mstari huo, na faharasa zake zote mpaka juu. Yaani kufuta nako kunakula karatasi.

Maelezo ya GB 43 niliyapata nikiwa nimeinua macho, nikiitazama mitungi ya kikundi imepangwa ukutani. Btrfs haigawi diski tone kwa tone. Kwanza inaikata katika vipande vikubwa, vya data kwa kawaida GB 1 kila kimoja, na kila kipande kinapewa kazi moja. Kuna vipande vya data, yaani yaliyomo kwenye faili, na vipande vya metadata, yaani majina, faharasa na miti yote niliyoeleza hapo juu. Kipande cha data hakiwekwi metadata, kama vile mtungi wa maziwa ya jioni hauchanganywi na ya asubuhi. Sasa fikiria mitungi yote imeshagawiwa. Ya data mingi iko nusu. Ya metadata imejaa mpaka mdomoni. Inatakiwa mmoja zaidi wa metadata na hakuna mtungi ambao haujapewa kazi. Ukijumlisha nafasi iliyo kwenye mitungi iliyo nusu unapata 43, na bado huwezi kuandika herufi moja.

Ilifikaje hapo? Niliuliza kwa upole, na baada ya kukohoa kidogo karani akasema kuna kijana wa jamaa yake aliyekuwa akiweka filamu na mechi za mpira humo usiku, "lakini alifuta zote." Alifuta, ni kweli. Ila filamu zilifungua vipande vingi vya data, rekodi za maziwa zikatawanyika kidogokidogo ndani yake, na filamu zilipoondoka vipande vikabaki vina kipunje huku na kipunje kule. Tangu Linux 3.18 ya mwaka 2014 kipande kikiwa kitupu kabisa hurudishwa chenyewe. Chenye kipunje kimoja hakirudi. Na picha zangu za kila saa, maelfu yake, zilikuwa zinanenepesha metadata mwaka mzima. Kwa hiyo kijana wa filamu ana nusu ya lawama, nusu ni yangu.

Dawa yake ni kumimina: unachukua mitungi mitatu iliyo robo unaiweka katika mmoja, mitungi miwili inakuwa huru. Btrfs ina amri ya kazi hiyo, balance. Lakini ili kumimina unahitaji pa kumiminia, na mimi sikuwa na mtungi mtupu hata mmoja! Nilituma mtu dukani akaniletea flashi ya GB 8, nikaiongeza kwenye mfumo kama diski ya pili. Ghafla palikuwa na vipande visivyo na kazi. Nikaanza kumimina vile vilivyojaa chini ya asilimia 5, nikapanda 20, nikapanda 50. Saa nne asubuhi kulikuwa na GB 30 na ushei zisizogawiwa. Nikaiondoa flashi kwa amri ya kuiondoa, nikangoja imalize kuhamisha vilivyokuwa juu yake, ndipo nikaichomoa. Tafadhali usiichomoe kabla. Wakati huo flashi si flashi tena, ni sehemu ya diski yako, na inaweza kuwa imebeba metadata.

Hapo ningerudi nyumbani kunywa mursik, na hadithi ingekuwa fupi.

Karani akaniita tena. Alikuwa anaingiza kwenye mashine yale ya daftari, na akaona namba za risiti zimeruka. Risiti zina namba za mfululizo. Katika rekodi kulikuwa na mapengo 14. Maana yake wafugaji 14 walipewa risiti asubuhi ile, kabla karani hajajua mashine imejaa, na maziwa yao hayakuandikwa popote.

Nilifungua programu yangu niliyoiandika nikiwa na miaka ishirini na minne na kujiamini kwingi. Inaandika rekodi kwenye faili, kisha inachapisha risiti. Katikati haiangalii kama uandishi ulifaulu. Mfumo wa faili ulikuwa umeniambia waziwazi ENOSPC, hakuna nafasi, na programu yangu ikamgeukia mfugaji ikamwambia asante. Kwa muda fulani rekodi nyingine zilipita na nyingine zikakataliwa, kutegemea nafasi iliyokuwa imejitokeza dakika hiyo. Namba ya risiti ilikuwa inahesabiwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo iliendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Namba 14 tulizijua. Wenyewe hatukuwajua, wala lita zao. Tangazo likatolewa: kila aliyeleta maziwa asubuhi ile arudishe risiti.

Wakati tunangoja, nikaingia kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Nilitaka kujua kwa nini mfumo ulikuwa na uwezo wa kunikatalia palepale mlangoni, badala ya kupokea na kuja kushindwa baadaye. Kwa sababu ukifikiria, kunakili kwanza kunafanya hesabu ya nafasi kuwa ngumu mno. Unapoandika baiti mia, mfumo haujui zitaishia wapi wala kurasa ngapi za faharasa zitabadilika njiani. Anayejua ni mwandishi wa baadaye, sekunde kadhaa mbele. Hivyo mlangoni unashikiwa nafasi kwa kukisia hali mbaya kabisa. Btrfs inachukua ukubwa wa nodi, kwa kawaida KB 16, inazidisha kwa ngazi 8 za mti, inazidisha tena kwa 2 kwa kuwa kila nodi inaweza kupasuka. KB 256 kwa kila kitu kimoja kinachoingizwa kwenye mti! Baadaye inakuta kilitumika kiasi kidogo tu, na iliyobaki inarudishwa.

Ni kama makanga wa matatu anayeshika siti kwa simu. Umempigia kwamba unakuja, naye hajui kama unakuja peke yako au na familia, kwa hiyo anakushikia safu nzima. Ukifika peke yako anaachilia siti zilizobaki. Mradi akumbuke kuachilia.

Kuelewa kitu kwa kusoma mimi siwezi, lazima nikijenge. Kwa hiyo usiku, baada ya ng'ombe kulala, nilianza kuandika mfumo mdogo wa faili wa kunakili kwanza, unaoendeshwa kama programu ya kawaida kupitia FUSE bila kugusa keneli. Niliuita Sotet, yaani kile kibuyu tunachogandishia mursik. Nodi za KB 4, ngazi tano tu, kwa hiyo kila kuingiza kunashika 4 mara 5 mara 2, yaani KB 40. Diski ya majaribio ilikuwa faili la MB 64. Nikachukua nakala ya rekodi halisi za maziwa nikaandika programu ya kuzirudia kwa kasi, siku nzima ya maziwa katika nusu dakika. Siku ya wastani ina rekodi kama 180.

Siku nane za maziwa zilipita vizuri. Siku ya tisa katikati ya asubuhi Sotet ikasema imejaa. Ndani yake kulikuwa na MB 3.

Nikazima, nikawasha. Ikafanya kazi vizuri kabisa, siku nane, na ya tisa ikajaa tena. Nyinyi mnaofanya kazi ya kusaidia watu na kompyuta mtatambua mara moja ubaya wa hali hii. Tatizo linaloponywa na "zima uwashe" huwa haliripotiwi na mtu, linaishi miaka. Hapa kuzima kulisaidia kwa sababu siti zilizoshikwa zipo kwenye kumbukumbu tu, haziandikwi kwenye diski, na ndivyo ilivyo hata kwa Btrfs.

Nilipiga hesabu. Rekodi 180 mara KB 40 ni KB 7200 kwa siku, kama MB 7. Mara siku tisa ni MB 63. Yaani kila rekodi moja, bila kukosa hata moja, ilikuwa inashika siti na haiiachilii. Kujua hivyo kulinipunguzia kazi sana, maana kama ni kila rekodi basi hitilafu haiko kwenye kona ya ajabu, iko kwenye njia kuu. Programu ya maziwa, kabla ya kuandika, hujaribu kuunda faili la siku. Likiwa tayari lipo inajibiwa "lipo" na inalifungua tu. Katika Sotet njia hiyo ya "lipo" ilikuwa inashika nafasi kwanza, inakuta jina lipo, inarudi mlangoni mbio. Nafasi iko palepale. Mstari mmoja ulikosekana.

Nikauongeza. Kwa furaha nikauongeza na mahali pengine palipofanana, bila kuangalia kwamba pale mpigaji wake alikuwa anarudisha mwenyewe. Sasa siti moja ikaachiliwa mara mbili. Hesabu ya nafasi iliyoshikwa ikafika sifuri na kuendelea kushuka, na kwa kuwa niliitunza katika namba isiyojua hasi, nilipoichapisha nikaona 18446744073709510656. Hiyo ni 2 kipeo cha 64, toa 40960. Nilicheka peke yangu gizani mpaka mama akauliza kutoka chumba kingine kama niko sawa. Nilichofanya baada ya hapo ndicho ningefanya mwanzo: kuachilia nafasi kuwe sehemu moja tu, na programu ife kwa kelele hesabu ikijaribu kwenda chini ya sifuri, badala ya kuzunguka kimyakimya.

Baada ya hapo Sotet ilienda siku tisini za maziwa. Nikaipunguzia diski iwe MB 16 ili nione itakavyofanya ikijaa kweli. Ikanyamaza. Haikulalamika wala kufa. Ilisimama tu, na prosesa ikiwa imepumzika kabisa.

Niliifungua kwa gdb kuangalia kila uzi umesimama wapi. Kulikuwa na nyuzi mbili, kila mmoja unangoja kufuli. Sotet ina kufuli ya mti na kufuli ya hesabu. Mwandishi anashika kufuli ya mti, kisha anaomba ya hesabu ili ashikiwe nafasi. Mfagiaji, anayefuta picha za zamani nafasi ikipungua, anashika kufuli ya hesabu, anaona hali ni mbaya, kisha anaomba ya mti ili afute. Mwandishi ana mti anataka hesabu, mfagiaji ana hesabu anataka mti. Watangojana mpaka Yesu arudi. Na mfagiaji hufanya kazi diski ikikaribia kujaa tu, kwa hiyo siku zote za mwanzo, diski ikiwa na nafasi, jambo hili halikuwa na namna ya kuonekana.

Karani nilipomweleza alielewa haraka kuliko wenzangu wa chuo. Kumbe hapo kikundini waliwahi kuwa na sheria kwamba stoo haifunguliwi bila daftari, na daftari linafungiwa stoo :-)

Kuondoa mkwamo wa aina hii kuna njia inayojulikana, ngumu ni kuitii: kufuli zishikwe kwa mpangilio mmoja kila mahali. Btrfs ina kanuni ya jinsi hii, kwamba nafasi inaombwa kabla ya kuingia kwenye muamala, kwa sababu kutafuta nafasi kunaweza kukulazimu kungoja muamala uleule umalizike. Nami nikamfanya mwandishi aombe nafasi kabla ya kugusa mti. Mfagiaji nikamfanya aachilie hesabu kwanza, ashike mti, afute, arudi kwenye hesabu. Na akirudi ahesabu upya! Hapo niliteleza mara ya kwanza, mfagiaji alikuwa anarudi na namba aliyoikariri kabla ya kuachilia kufuli, na wakati huo wengine walikuwa wameshachukua nafasi.

Nikijua sasa kwamba macho yangu hayaaminiki, niliiga kitu kilichomo kwenye keneli ya Linux tangu 2.6.18 ya mwaka 2006, lockdep ya Ingo Molnar. Hii haingoji mkwamo utokee. Inakariri mpangilio wa kufuli kila zinaposhikwa, na ikiona leo A kabla ya B wakati jana ilikuwa B kabla ya A, inapiga kelele hata kama nyuzi hizo hazikukutana. Yangu ni ya kimaskini: kila kufuli ina namba, na ukishika ndogo huku una kubwa mkononi programu inakufa. Mistari kama ishirini. Nikaiendesha, na ndani ya dakika moja ikafa mahali ambapo sikupashuku kabisa, kwenye kuchukua picha. Hapo kila saa, saa ikigonga, kulikuwa na dirisha dogo la mkwamo. Katika majaribio yangu yote halikuwahi kutokea hata mara moja.

Sotet sikuiweka kikundini na sitaiweka, kabla hamjauliza. Mashine ya maziwa ilibaki na Btrfs yake. Nilichobadilisha ni hivi: programu inaangalia jibu la kila uandishi, inalazimisha rekodi ifike kwenye diski, na risiti haitoki kabla ya hapo. Inachelewa kidogo, karani amelalamika. Picha za zamani zinafutwa, zinabaki za siku saba. Kila Jumapili usiku kuna kumimina kidogo kwa vipande vilivyo karibu vitupu. Na kijana wa filamu amenunuliwa flashi yake, ileile ya GB 8.

Kuhusu risiti. Siku ya kwanza zilirudi tisa. Siku ya pili tatu. Mzee mmoja alikuja na kopo la majani chai lenye risiti zake zote tangu mashine ianze kutumika, zimepangwa kwa mwezi, akatoa ya asubuhi ile bila hata kuvaa miwani. Hiyo ya kumi na tatu. Ya kumi na nne haikuja.

Mwisho wa mwezi malipo yakafanywa. Jioni ile mama alikuwa anahesabu noti zake mezani, na karatasi yake ya malipo iko pembeni. Nikaiangalia, unajua tabia ya mtu wa kompyuta, nikaona asubuhi moja haina kitu. Nikamuuliza kama siku hiyo hakupeleka. Akasema alipeleka, lita tisa, na risiti aliwashia moto kabla ya tangazo.

Nikamwambia mbona hukusema, namba imebaki moja tu, ni yako, naiingiza sasa hivi kwa simu. Akaendelea kuhesabu. "Nikisema bila risiti," akasema, "watu watasema ni mtoto wake ndiye mwenye mashine."

Nilirudi Nairobi tarehe mbili Januari kwa njia ya Narok. Pengo lile bado liko kwenye rekodi, namba moja iliyoruka.